Kuhiji Manikaran: namna ya kufika, kuoga na kupika kwenye maji yanayochemka

Maji ya Manikaran si ya vuguvugu. Yanatoka chini ya mawe yakitokota, nyuzi joto 90 na kitu za selsiasi, hatua chache tu kutoka mto Parvati ambao maji yake ni theluji iliyoyeyuka. Mji wenyewe ni mdogo, umebanwa kati ya milima katika wilaya ya Kullu, jimbo la Himachal Pradesh, kaskazini mwa India, kama mita 1,760 juu ya usawa wa bahari. Wahindu huenda kwa ajili ya mungu Shiva na mkewe Parvati, Masingasinga huenda kwa ajili ya Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, na wote hukutana kwenye mvuke uleule.

Mwongozo huu ni wa msomaji wa Kiswahili anayetaka kufika: Mhindu wa Mombasa au Dar es Salaam aliyelisikia jina hili tangu utotoni, mwanafunzi aliyeko Chandigarh, au mtu aliyempeleka mgonjwa Delhi akajikuta ana siku tatu za kungoja majibu ya daktari. Neno moja tunalikaza mapema. Manikaran ina utaratibu wake wa siku nyingi: unaoga, unaabudu, ndipo unakula. Utaratibu huo ni ibada, na papo hapo ni kinga. Anayekuja mbio kutoka Kasol, mji wa jirani, kwa saa mbili, akaruka hatua, ndiye anayeungua vidole, anayekuta foleni, na anayeondoka bila kujua alichokiona.

Kwa nini maji yanachemka, na kwa nini ni matakatifu

Jina linatokana na maneno mawili ya Kisanskriti, mani, yaani kito, na karna, yaani sikio. Masimulizi yanasema Shiva na mkewe Parvati walipita bonde hili, likawapendeza, wakakaa miaka 1,100. Siku moja kito cha sikio cha Parvati kikaanguka majini na kuzama hadi kwa Shesh Naag, nyoka mkuu wa kuzimu. Watumishi wa Shiva walikitafuta wasikipate. Shiva akaghadhibika, akafumbua jicho lake la tatu, dunia ikatetemeka. Ndipo Shesh Naag akapuliza kwa nguvu, maji ya moto yakabubujika na vito vikarushwa juu. Wenyeji husimulia kwamba vito viliendelea kutoka na maji hayo mpaka tetemeko kubwa la Kangra la tarehe 4 Aprili 1905.

Kwa Masingasinga, hapa Guru Nanak alipita na mwanafunzi wake Bhai Mardana. Walikuwa na unga wa chapati lakini hawakuwa na moto. Mardana aliinua jiwe, akaona maji yanachemka, akatumbukiza chapati zake zikazama. Akaambiwa aweke nadhiri kwamba chapati moja itakuwa ya Mungu, zikaelea zimeiva. Kisa hiki kikumbuke, kwa sababu ndicho kinachoeleza jiko la gurudwara, nyumba ya ibada ya Masingasinga, ambako utakula.

Kijiolojia, hakuna volkano hapa. Maji ya mvua na theluji huzama kwenye nyufa za mwamba mgumu wa kwotzaiti, hushuka chini sana, hupata joto la ardhini, kisha hupanda haraka kupitia nyufa nyingine. Hapo ndipo panapotofautiana na Bogoria au Olkaria kule Kenya, ambako joto linatokana na miamba iliyoyeyuka iliyo karibu na uso wa Bonde la Ufa. Chemchemi za Manikaran zimetapakaa kando ya mto kwa zaidi ya kilomita moja, na hazilingani joto: pale maji baridi ya mto yanapopenya na kuchanganyika nayo, joto hushuka. Kwa hiyo usiamini kidimbwi kimoja kwa kuwa cha jirani kilikuwa sawa. Idara ya jiolojia ya India iliwahi kujenga hapa mtambo wa majaribio wa umeme wa kilowati 5 na ghala la baridi la tani 7.5, vyote vikiendeshwa na joto hili.

Wanaoishi Nairobi watalielewa jambo lifuatalo upesi. Manikaran iko karibu kimo kilekile cha Nairobi, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100. Yaani yale maji unayoyaona yakitokota pale yamefika mwisho wa joto lake kwa kimo hicho. Ukitumbukiza mkono ni sawa na kuutumbukiza kwenye sufuria ya ugali.

Chagua mwezi kwanza

Aprili hadi katikati ya Juni, na mwisho wa Septemba hadi Novemba, ndiyo miezi mizuri. Mei na Juni watu wa tambarare hukimbia joto na kupanda milimani, na barabara nyembamba ya Kasol hujaa magari. Safari ya saa moja na nusu inaweza kuwa ya saa tatu. Kama una uhuru wa kuchagua, nenda Oktoba. Mvua zimekata, anga liko wazi, na ni majira ya Dussehra ya Kullu, sikukuu ambapo miungu ya vijiji hubebwa kwenye machela na kushuka mjini. Miungu ya bonde la Kullu nayo hupelekwa Manikaran kuogeshwa, kwa hiyo ukikutana na msafara wa ngoma na tarumbeta ndefu zilizopinda, simama pembeni na uupishe.

Januari na Februari ni baridi kali na theluji. Maji ya moto huwa matamu zaidi wakati huo, lakini barabara huweza kufungwa. Mahashivratri, usiku mkuu wa Shiva, huangukia Februari au Machi, na umati ni mkubwa.

Julai, Agosti na nusu ya kwanza ya Septemba usiende. Ni masika yao, na mlima ulioloa huporomoka. Julai 2023 mafuriko yalikata barabara na madaraja katika wilaya nzima ya Kullu. Agosti 2015 jabali liliporomoka juu ya gurudwara ya Manikaran na kuua watu. Hata nje ya msimu wa mvua mlima una mambo yake: Machi 2025 mti mkubwa uling'oka karibu na gurudwara na watu sita wakafa. Usiegeshe gari wala usikae kupumzika chini ya ukingo mkali, hasa siku yenye upepo au baada ya mvua.

Karatasi na mkoba

Viza ya India huombwa kwa mtandao kupitia tovuti ya serikali ya India. Kuna tovuti nyingi za mawakala zinazofanana nayo na kutoza ziada, kwa hiyo soma anwani vizuri. Kinachowakwamisha wengi kutoka kwetu ni kadi ya njano. Anayetoka Kenya, Uganda au Kongo huulizwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano akiingia India, na chanjo iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kufika. Anayetoka Tanzania naye aibebe, kwa sababu ndege nyingi hupitia Nairobi au Addis Ababa. Asiye nayo anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6.

Toa nakala tatu au nne za pasipoti na za viza. Kila nyumba ya wageni India inatakiwa kumwandikisha mgeni wa nje kwa serikali, na nyumba ndogo za mlimani zisizozoea kazi hiyo humkataa mgeni asiye na nakala kuliko kuhangaika naye. Beba pesa taslimu za noti ndogo, za rupia 10, 20, 50 na 100. Wahindi hulipa kila kitu kwa simu, mgeni wa siku chache kwa kawaida hawezi, na muuza mchele wa rupia chache hana chenji ya 500.

Kwenye mkoba tia hivi: kikoi au kaptura ya kuogea, kanga mbili, malapa yasiyoteleza, soksi nene jozi mbili, taulo, sweta hata kama ni Mei, tochi, chupa ya chuma yenye mfuniko, chumvi kidogo kwenye karatasi. Kanga ni nguo iliyoumbiwa safari hii. Moja utajifunga nayo kwenye birika la wanawake, nyingine utajitanda kichwani kwenye gurudwara, na usiku utajifunika juu ya blanketi. Soksi ni za sakafu. Ardhi ya Manikaran ina moto chini yake, na viatu utavivua langoni. Sehemu nyingine mawe yana joto la kikaango, sehemu nyingine ni barafu. Pale palipotandikwa mbao, kanyaga mbao.

Njia: shuka Bhuntar

1. Kutoka Delhi, mabasi ya usiku kwenda Manali huondoka kituo kikuu cha Kashmere Gate, na ya kampuni binafsi mengi huanzia Majnu ka Tilla. Ni kama kilomita 500 hadi Bhuntar, saa 11 hadi 13. Kutoka Chandigarh ni karibu nusu ya hapo.

2. Kata tiketi ya Bhuntar, usikate ya Manali. Manikaran haiko upande wa Manali. Inaachana nayo Bhuntar, mahali mto Parvati unapoingia mto Beas. Hili ndilo kosa la kwanza la wageni. Basi hufika Bhuntar alfajiri, abiria amelala, anaamka Manali kilomita 50 mbele. Dalili ya kuamka ni handaki refu la Aut, kama kilomita 3. Ukilipita, bado kama kilomita 20. Mwambie kondakta usiku uleule: "Bhuntar utarna hai," nataka kushuka Bhuntar.

3. Kuna uwanja wa ndege Bhuntar penyewe, mdogo, katikati ya milima. Hali ya hewa ikichafuka kidogo ndege haitui. Usiutegemee siku unayotakiwa kurudi kukamata ndege ya kwenda Nairobi au Dar.

4. Kituoni Bhuntar panda basi dogo la Manikaran. Ni kama kilomita 35, saa moja na nusu hadi mbili. Anayesumbuliwa na kichefuchefu ale kidogo, akae mbele, maana kona hazihesabiki. Basi litapita Kasol, mji wa vijana na mikahawa, kisha kilomita 4 mbele ni Manikaran.

Kasol wapo wanaouza charas, utomvu wa bangi uliosuguliwa kwa mkono, na watakunong'onezea. Sheria ya India ya dawa za kulevya ya mwaka 1985 haina mchezo: kukutwa na zaidi ya kilo moja ni kifungo kisichopungua miaka 10, na kidogo pia kinaweza kukupeleka jela. Wala usikubali kumbebea mtu kifurushi hadi Delhi.

Ukifika

Gari haliingii kwenye mji wa hija. Utashuka ng'ambo, utavuka daraja la miguu juu ya Parvati, na mvuke utakulaki. Mto huu usiusogelee. Unapiga kelele kuliko unavyoonekana, mawe yake yanateleza, maji yana baridi ya kuganzisha misuli kwa dakika chache, na juu yake kuna bwawa la umeme, kwa hiyo kina kinaweza kupanda ghafla. Watu hufa humo wakipiga picha.

Lala hapo usiku mmoja. Gurudwara ina vyumba na kumbi kwa mahujaji, unatoa sadaka kadiri ya uwezo. Uliza kwenye ofisi yake mara tu ufikapo, kwani mchana wa Jumamosi hujaa. Nyumba nyingi za wageni mjini zimevuta maji ya chemchemi kwenye vibirika vyao vya ndani, jambo jema kwa familia inayotaka faragha. Kabla hujalipa, tazama kama birika lina bomba la maji baridi linalofanya kazi. Lisipokuwa nalo, hilo ni sufuria, si bafu.

Mji mzima hauli nyama wala haunywi pombe karibu na mahekalu, na tumbaku ni mwiko mkubwa kwenye gurudwara. Pakiti ya sigara iache chumbani, usiitie mfukoni.

Kuoga

Amka mapema. Kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa moja asubuhi, saa za India kwa hesabu ya Kiswahili, maji ni safi, watu ni wachache, na baridi ya nje inakufanya uhisi kwa nini watu walitembea wiki nzima kufika hapa zamani. Yapo mabirika ya gurudwara na ya hekalu la Ramachandra, yaani mungu Ram, ya wanaume na ya wanawake mbalimbali. La wanawake limezibwa kuta. Maji yake yamechanganywa na ya baridi, lakini kiwango hubadilika mchana kucha.

Anza kwa kujimwagia na kujisugua nje ya birika. Sabuni na shampuu haviingii ndani. Hayo ni maji ya ibada na wenzako watayajaza mikononi kumwagia kichwani. Vua bangili, pete na mkufu, kwa sababu chuma hushika joto kuliko ngozi.

Kisha pima. Tumbukiza kiwiko, usitumie vidole, kwani vidole vya mpishi au fundi vimekufa ganzi nusu. Kiwiko kikivumilia kwa utulivu, tia mguu mmoja, ngoja, tia wa pili. Joto linalofaa ni nyuzi 38 hadi 41. Fahamu hesabu hii: maji ya nyuzi 50 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa dakika chache, ya nyuzi 60 kwa sekunde 5 hivi, ya nyuzi 90 papo hapo. Mdomo wa bomba linaloleta maji ya moto ndio mahali pabaya zaidi ndani ya birika. Tambua uliko kabla hujaingia, kaa upande wa pili, na mtoto asiachwe aogelee kuuelekea.

Dakika 5 hadi 10 zinatosha mara ya kwanza. Toka, keti ukingoni, kunywa maji, rudi ukipenda. Wanaozimia huwa hawazimii wakiwa ndani; huzimia wakiinuka. Joto hutanua mishipa, damu hushuka miguuni, na ukisimama wima ghafla ubongo unakosa damu kwa muda. Kwa hiyo toka kwa hatua tatu: keti ngazini, hesabu hadi 60, simama umeshika ukuta. Usiingie tumbo likiwa limejaa wala baada ya usiku mzima kwenye basi bila kunywa maji.

Wengi huzamisha kichwa kwa jina la Shiva. Kama utazama, bana pua. Maji ya uvuguvugu ya ardhini popote duniani yanaweza kuwa na vijidudu vinavyodhuru ubongo vikipenya puani, ni nadra, ila kubana pua hakukupunguzii thawabu. Kujimwagia kwa lota, kile kikombe cha shaba, ni ibada kamili vilevile.

Wasioingia: mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye presha isiyotulia, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye kidonda kibichi. Hili linawahusu sana watu wetu wanaokuja Delhi kwa matibabu, kwa sababu utasikia kwamba maji haya huponya baridi yabisi, ngozi na mengine mengi. Joto hulegeza viungo na kupunguza maumivu kwa saa kadhaa, hilo ni kweli. Halirekebishi moyo, haliyeyushi uvimbe, na dawa ulizoandikiwa usiziache. Mwenye kisukari ambaye nyayo zimekufa ganzi yuko kwenye hatari ya peke yake: anaweza kuungua bila kuhisi na kugundua malengelenge jioni. Yeye apimiwe maji na mwenzake, na avae soksi kila anapotembea kwenye mawe.

Mgonjwa asiyeweza kuingia asikose. Mkalishe, mwagie miguu maji ya vuguvugu.

Kuabudu

Ukishaoga na kuvaa nguo kavu, nenda kwa Shiva. Hekalu lake liko jirani na vidimbwi vinavyochemka. Watu humwagia linga, lile jiwe ambalo ni alama ya Shiva, maji au maziwa na kuweka majani ya mti wa bel, yale yenye vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja. Asiye Mhindu anaweza kuingia kwa adabu: viatu nje, simu mfukoni, kuzunguka kwa kufuata mkono wa saa, kupokea prasad, yaani chakula kilichobarikiwa, kwa mkono wa kulia. Ukipewa, kula; usiiweke chini wala kuitupa.

Kisha hekalu la Ramachandra, la karne ya 17, linalohusishwa na Raja Jagat Singh wa Kullu. Mfalme huyu ndiye aliyeleta sanamu ya Raghunath, yaani Ram, kutoka Ayodhya, na tangu hapo ufalme wote wa Kullu ukawekwa chini ya mungu huyo. Dussehra ya Kullu inatokana naye.

Kwenye gurudwara utaacha viatu kwa mpokeaji na kupewa kibao chenye namba, utaosha mikono na miguu, utafunika kichwa. Wanaume pia, kitambaa hutolewa langoni. Ndani usikae umenyoosha miguu kuelekea kitabu kitakatifu.

Kupika

Hapa ndipo wageni hufurahi zaidi, na hapa ndipo makosa madogo huharibu chakula. Kando ya vidimbwi huuzwa vifuko vya kitambaa vyenye mchele au dengu nzima, chana, pamoja na uzi. Ukipenda kutengeneza chako, shona kifuko cha pamba nyepesi. Nailoni isitumike.

1. Mchele uwe basmati au mwingine wa nafaka ndefu, gramu 200 hadi 250. Uoshe mpaka maji yawe meupe kidogo tu, uloweke nusu saa.

2. Jaza kifuko theluthi moja, si zaidi. Mchele hufura zaidi ya mara mbili. Kifuko kilichojazwa hadi shingoni hukaza kama jiwe: nje unakuwa uji, katikati punje zinabaki ngumu, kwa sababu maji hayapati njia ya kupenya.

3. Funga shingo kwa fundo la kukokota, acha uzi wa mita moja na nusu hadi mbili. Funga mwisho wa uzi kwenye reli ya chuma kabla ya kushusha kifuko. Kinyume chake, uzi ukiponyoka, chakula kimekwenda. Usithubutu kuinama juu ya reli kukiokoa.

4. Shusha pale panapotokota. Pembeni penye utulivu joto linaweza kuwa pungufu kwa nyuzi 10 au zaidi. Mchele uliolowekwa huchukua dakika 20 hadi 25. Dengu nzima zilowekwe usiku kucha, na hata hivyo huhitaji saa moja na zaidi. Zilizo kavu hazitaiva kabla hujakata tamaa. Maharage ya Nairobi yanachelewa kwa sababu ileile ya kimo.

5. Vuta juu taratibu, uache utiririke dakika mbili. Maji yaliyonaswa kwenye kitambaa ni ya moto vilevile, na wengi huungua hapa kwa kukikamua kwa mkono. Weka kwenye sahani, ndipo ufungue.

6. Fungu la kwanza ni la kutoa, hekaluni au kwa mwenzako. Tia chumvi baadaye, ukionja kwanza, maana maji yana madini yake.

Aliyezoea kuchemsha mayai Bogoria aache desturi hiyo nyumbani. Mayai, samaki na nyama havitumbukizwi humu, hata kwa siri. Wala usitupe plastiki au sarafu.

Tazama pia jinsi gurudwara inavyopika. Masufuria makubwa ya mchele na dengu hufunikwa na kuzamishwa ndani ya chemchemi, chakula kikaiva kwa joto la nje bila maji ya ardhini kuingia. Ndicho chakula utakachokula kwenye langar, jiko la bure la kila mtu. Aliyewahi kusimama Makindu kwenye barabara ya Mombasa akala kwa Masingasinga anajua namna: unaketi chini kwa mstari, tajiri na mchukuzi bega kwa bega, chapati unaipokea kwa viganja viwili vilivyounganishwa. Chukua kidogo, omba tena. Kubakiza ni aibu. Ukimaliza, kuosha vyombo kwa nusu saa kunapokelewa kwa furaha, na huhitaji kujua Kihindi wala Kipunjabi.

Ukiwa na siku ya ziada

Kheerganga, mahali ambapo Kartikeya, mwana wa Shiva, anasemwa alitafakari, ina birika la maji moto kwenye mita kama 2,900. Unapanda gari hadi Barshaini, kisha kwa miguu kama kilomita 12 kwenda juu. Nenda na mwongozaji au kundi, anza kabla ya saa tatu asubuhi. Bonde hili limepoteza watembeaji wengi waliokwenda peke yao, wageni wakiwemo, na wengine hawakupatikana tena. Kwa mzee au mwenye watoto, Manikaran yenyewe inatosha.

Kuondoka na maji

Watu hupenda kubeba maji nyumbani. Usichote yanayotokota kwa chupa ya soda. Plastiki ile hulegea na kujikunja mkononi, na maji yakakumwagikia. Teka kwenye bomba la birika, au tumia chupa ya chuma, uyaache yapoe wazi kabla ya kufunga mfuniko, la sivyo mvuke ukipoa hufyonza mfuniko usifunguke. Ni ya kunyunyiza na kuweka kwenye madhabahu, si ya kunywa. Kwenye ndege yatie kwenye begi kubwa, yamefungwa ndani ya mifuko miwili.

Mabasi ya usiku ya kurudi Delhi hupita Bhuntar jioni. Toka Manikaran saa nne kabla ya wakati wa tiketi yako, saa tano ikiwa ni Jumapili ya Mei au Juni, na nguo zilizoloa zifunge mbali na pasipoti.